Dakika 10 za treni ya Pugu

Abiria wanaomba treni ya Pugu, ile ya abiria wa jijini Dar es Salaam, icheleweshwe dakika 10 tu, na wana haki. Ila reli hii ya zamani ni ya njia moja: treni zinazokutana hupishana kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Ukichelewesha moja, ya upande wa pili inasubiri, na ya mizigo nyuma yake vilevile.

Na ukitaka zipite mara nyingi zaidi, kazi kubwa ni hesabu ya treni zenyewe. Tuseme safari ni dakika 50, kuhamisha kichwa cha treni upande wa pili ili irudi, 10. Kwenda na kurudi ni dakika 120. Ukitaka treni kila dakika 30, zinahitajika 4. Kila dakika 20, zinahitajika 6. Mabehewa ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hayaazimiki: reli yake ina upana wa milimita 1,067, hii 1,000. Bado zamu za madereva, na saa za mafundi kukarabati njia, ambazo mimi nisingezigusa kamwe.