Mfupa Wangu na Nyama Yangu

Bwana asifiwe, wapendwa. Tafakari ya juma hili imetokana na aibu yangu mwenyewe. Niliombwa kupendekeza majina sita ya watakaosimamia mfuko wa misaada wa kanisa letu, nami nikayaandika upesi, nikiamini kabisa kwamba nimeangalia uaminifu na uwezo. Mzee mmoja aliyeisoma orodha ile aliniuliza kwa upole kama nimetambua kwamba wote sita huzungumza lugha moja nyumbani kwao, nayo ni lugha yangu. Nilimjibu kwa hasira. Asubuhi ya siku iyo hiyo nilikuwa nimewalaumu vikali wanasiasa wanaojaza ofisi za umma watu wa kwao.

Usiku usingizi ulinikataa, nikafungua kitabu cha pili cha Samweli. Katika sura ya 5, kabila zote za Israeli zinamwendea Daudi huko Hebroni na kumwambia, "sisi tu mfupa wako na nyama yako." Alikuwa ametawala Yuda peke yake kwa miaka 7 na miezi 6, na sasa hata waliokuwa upande wa nyumba ya Sauli, mfalme aliyemtangulia, wanajihesabu kuwa damu yake. Daudi aliipokea imani hiyo kwa hekima, kwa maana hakuwalazimisha kumfuata Hebroni, katika nchi ya kabila lake, bali aliutwaa Yerusalemu, uliokuwa ungali mikononi mwa Wayebusi, akatawala kutoka huko.

Sasa nendeni sura ya 19. Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi baba yake hata akamfanya aukimbie Yerusalemu, amekufa, na kabila za Israeli zimekwisha kuanza kusemezana juu ya kumrudisha mfalme. Daudi anawatuma makuhani Sadoki na Abiathari kwa wazee wa Yuda, akiwaambia kwamba wao ndio ndugu zake, wao ndio mfupa wake na nyama yake. Maneno ambayo taifa zima lilimpa Hebroni, yeye ameyarudisha kwa kabila moja tu! Kabla mfalme hajafika Yerusalemu, watu wa Israeli na watu wa Yuda wanagombana juu ya nani mwenye haki naye zaidi, na katika sura ya 20 Sheba mwana wa Bikri anapiga tarumbeta na kutangaza kwamba hawana fungu katika Daudi. Uasi ule ulizimwa, lakini maneno yake hayakufa. Kabila zilipomwacha Rehoboamu, mjukuu wa Daudi, zilisema karibu maneno yale yale. Sisi wahubiri tumezoea kuwalaumu vijana waliomshauri Rehoboamu vibaya, na kweli walikosea, lakini jeraha walilolitonesha lilikuwa la tangu enzi za babu yake.

Kiongozi anayetaka watu wa asili nyingi wakae pamoja hana budi kuwapa wote fungu ndani yake, na fungu hilo lionekane katika kazi na mamlaka, kwa kuwa hotuba za umoja peke yake hazimshibishi aliyesahauliwa. Mwaka 1994, Nelson Mandela alimpa Mangosuthu Buthelezi, kiongozi wa chama pinzani cha Inkatha, wizara ya mambo ya ndani ya Afrika Kusini, ingawa wafuasi wa vyama vyao walikuwa wameuana kwa maelfu, na baadaye akamwachia hata kukaimu urais aliposafiri. Mitume nao, katika Matendo 6, waliposikia manung'uniko kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuwakemea walalamikaji kwamba wanaleta mgawanyiko. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Mezani pa misaada waliwekwa watu wenye majina ya upande uliolalamika.

Wapendwa, niseme neno gumu, nami nikiwa wa kwanza kulistahili. Paulo anamwagiza Timotheo tuwaombee wenye mamlaka ili tuishi maisha ya utulivu, lakini wengi wetu tunapiga magoti tukiomba "mtu wetu" apite, na akipita tunamdai atukumbuke sisi kwanza. Tunamfundisha kusema maneno ya Daudi ya sura ya 19, kisha tunashangaa taifa linapopasuka. Ndugu, tubuni dua hizo. Mwombeeni mtawala awe wa jirani yako asiyefanana nawe kama alivyo wako, na siku atakapomtendea jirani huyo haki kabla yako, mshukuru Mungu kwa sauti, wala usiseme umesalitiwa.

Mzee yule nimekwisha kumwomba radhi. Majina matatu nimeyafuta katika orodha, na nafasi zake bado zi wazi, kwa sababu kwa miaka yote niliyosali na ndugu wa lugha nyingine sikuwahi kukaa nao vya kutosha hata nimjue aliye mwaminifu katika fedha. Jumapili hii, baada ya ibada, sitaondoka mapema.