Mtangazaji wetu wa asubuhi kaondolewa

Ndugu zangu, jana mtangazaji wetu wa asubuhi aliitwa ofisini baada ya kipindi, akapewa barua na kusindikizwa hadi mlangoni. Hakuruhusiwa hata kuwaaga wasikilizaji. Hilo limeniuma kuliko yote. Mimi ni fundi mitambo wa kituo chetu cha redio hapa Ohio, Marekani, na kwa miaka mingi tumetenganishwa na kioo tu.

Leo saa kumi na mbili asubuhi ilisikika sauti iliyorekodiwa jimbo lingine. Jina la mji wetu ilitaja vizuri, ila haikujua kwamba barabara ya darajani imefungwa kwa sababu ya barafu.

Watu wanasema intaneti ndiyo iliyoua redio. Kwa kiasi fulani, sawa. Lakini sheria ya mawasiliano ya 1996 ilifuta kikomo cha vituo 40 vya redio kwa kampuni moja Marekani nzima, na kampuni ya redio ya Clear Channel ikakusanya zaidi ya 1,100. Mwaka 2008 wawekezaji wakainunua kwa mikopo, deni wakaliacha shingoni mwa kampuni yenyewe. Ikabadili jina kuwa iHeartMedia, na Machi 2018 ikakimbilia mahakama ya ufilisi ikiwa na deni la takriban dola bilioni 20. Kampuni yetu ni nyingine, lakini njia ni ileile: riba kwanza, watu baadaye.

Mwenzetu ana watoto wanaosoma. Mwenye kazi yoyote ya sauti, hata ya kurekodi matangazo madogo, aniandikie inboksi. Nitamuunganisha naye leo hii.