Draya ilizunguka bila joto, nikampigia baba simu Tanga

Januari iliyopita, hapa Saint Paul, Minnesota, draya yetu, yaani mashine ya kukaushia nguo, ilianza kutoa nguo zikiwa mbichi. Pipa linazunguka vizuri, taa inawaka, kengele ya kumaliza inalia, lakini ukifungua mlango unakuta taulo ni baridi na zito vilevile kama lilivyoingia. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nina sare mbili tu ambazo lazima zifuliwe kila baada ya zamu. Nyumbani Tanga ningezianika uani, na kabla ya adhuhuri ningekuwa nimezikunja. Hapa nilizitundika kwenye chumba cha chini ya nyumba, na asubuhi nikakuta maji yametiririka kwenye vioo vya madirisha na kuganda barafu kwenye fremu. Sare bado mbichi.

Ilikuwa mara ya pili. Novemba ilifanya hivyohivyo, tukaita fundi. Alikaa kama dakika ishirini, akabadilisha kidude kimoja mgongoni mwa mashine, akaisukuma kwa goti mpaka ikagusa ukuta, akachukua dola 180 zake. Paipu ya kutolea hewa hakuigusa, wala hakutoka nje kuangalia inakotokea. Wakati ule sikujua kwamba alipaswa.

Dola 180 nyingine sikuwa nazo. Nikampigia baba. Baba ni fundi redio wa Ngamiani, na draya hajawahi kuiona kwa macho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imepoa?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mota inazunguka. Nikamwambia inazunguka. "Basi mota usiiguse," akasema. "Lililokosekana ni joto. Fuata njia ya umeme wa joto peke yake, uanzie unakotoka."

Umeme wa nyumba za Marekani una jambo moja ambalo sisi tuliozoea volti 230 kwenye kila soketi hatulijui. Soketi za kawaida huku ni volti 120. Draya ya umeme ina soketi yake kubwa inayopata nyaya mbili za moto, kila moja volti 120, na ukipima kati yake unapata 240. Mota na taa hutumia 120. Koili ya joto ndiyo inayohitaji 240. Kwa hiyo ule upande usiolisha mota ukikatika, pipa huendelea kuzunguka huku koili haina kitu, na mwenye nyumba akaamini mashine imeharibika. Breka yake ni ya pande mbili, ampea 30. Niliizima kabisa, nikaiwasha tena. Hakuna joto.

Kupima soketi yenye umeme sikujaribu. Nilimwomba jirani yetu Mkongo, fundi umeme mwenye leseni, aje na kipimo chake. Akapima, akatikisa kichwa: "Dada, hapa iko muzuri. 240." Akaniachia kipimo, akaondoka.

Nikachomoa waya kwenye soketi, nikaivuta mashine, nikafungua bamba la nyuma kwa spana ya robo inchi. Ndani kuna sanduku la bati lenye koili, na ubavuni mwa sanduku vimefungwa vidude viwili vidogo vya mviringo, kila kimoja na nyaya mbili. Kimoja ni themostati ya usalama, inayokata umeme joto likizidi na kuurudisha likishuka, kingine ni fyuzi ya joto. Baba alikuwa kwenye simu ya picha akiangalia. Kabla sijachomoa waya wowote akaniamuru nipige picha kila upande. Hiyo ndiyo sheria yake hata kwa redio ya mkulima, na nashukuru, maana nyaya zote zilikuwa za rangi moja.

Tulianza na koili. Kipimo kikaonyesha omu 10.8. Baba akapiga hesabu papo hapo: 240 gawanya kwa 10.8 ni ampea 22 na ushei, wati zaidi ya 5,000. "Hizo ni pasi tano zinawaka pamoja," akasema. "Koili ni nzima. Sasa pima kati ya koili na sanduku." Kipimo hakikucheza, maana yake koili haijagusa bati popote. Themostati ikapitisha umeme. Fyuzi ya joto haikupitisha kitu.

"Imekufa hii, baba! Ni fyuzi!" Nilifurahi sana, nikaona kazi imekwisha.

"Ndiyo hiyohiyo aliyobadilisha yule fundi Novemba?"

"Ndiyo."

"Sasa imeungua kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Fyuzi ya namna hii kwa kawaida haiungui kwa sababu ya uzee. Imetengenezwa ife mara moja tu, pale joto linapopita kiwango, ili nyumba isishike moto. Ikifa mara mbili ndani ya wiki kumi, maana yake kuna joto linalojikusanya pale kwa sababu halina pa kutokea. Draya haikaushi kwa joto peke yake. Inavuta hewa, inaipasha, inaipitisha kwenye nguo, kisha inaisukuma nje pamoja na unyevu. Njia ya kutokea ikiziba, nguo zinachemka kwa mvuke wake na sanduku la koili linazidi kuwaka.

Basi nikageukia paipu. Ilikuwa ile ya karatasi ya fedha yenye mikunjo, na pale mashine iliposukumwa kwa goti ilikuwa imebanwa bapa kabisa. Nikaikata. Ndani kulikuwa na nyuzinyuzi za nguo, kijivu, zimeshikana kama sufi ya mto. Nikavaa koti na mabuti nikatoka nje. Kwenye mdomo wa paipu, mwenye nyumba wa zamani alikuwa amefunga wavu, nadhani kuzuia ndege. Wavu wote ulikuwa umefunikwa zulia la nyuzi lililoganda kwa barafu. Nilipomaliza kutoa uchafu nilikuwa nimejaza mfuko mzima wa taka wa jikoni, na karibu na sanduku la koili niliokota vipande vilivyogeuka kahawia kwa kuungua. Mwanangu analala chumba cha juu yake. Nilikaa chini sakafuni nikiwa nimevishika.

Baadaye nilisoma kwamba idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria mioto ya draya majumbani kuwa takriban 2,900 kwa mwaka kati ya 2008 na 2010, na sababu iliyoongoza ni kutosafishwa.

Fyuzi mpya niliipata kwa dola 24, ikiwa imefungwa pamoja na themostati yake. Nilibadilisha zote mbili, kwa sababu themostati iliyochoka ndiyo inayoua fyuzi mpya. Ile paipu ya mikunjo niliitupa, nikaweka ya bati gumu ya inchi 4. Viungo nilivifunga kwa tepu ya alumini. Ile tepu ya kitambaa hukauka na kubanduka kwa joto. Skurubu sikutumia, ncha zake zikiingia ndani hunasa nyuzi. Wavu niliuondoa moja kwa moja, na kumbe kanuni za ujenzi za huku hazikubali wavu pale. Kilichobaki ni kifuniko chepesi kinachofunguka kwa upepo wa mashine.

Jambo moja dogo nusura nilisahau: chujio la nyuzi. Nilikuwa nalisafisha kila nikifua, kwa macho ni safi. Nikalimiminia maji bombani, maji yakatuama juu yake kama kwenye sahani. Zile karatasi za kulainisha nguo huacha utando usioonekana. Nililisugua kwa mswaki na sabuni mpaka maji yakapita.

Taulo zilikauka kwa dakika 50. Kabla haijafa kabisa zilikuwa zikichukua karibu saa mbili, nami nilidhani ni uzee wa mashine.

Nilimpelekea baba video ya mdomo wa paipu ukitoa mvuke kwenye theluji. Akapiga simu hapohapo.

"Mashine ikizimwa, kile kifuniko kinajifunga?"

Nikavaa mabuti tena, nikatoka. Kilikuwa kimejifunga.