Hewa tu, mwanangu

Nimechoka, na kesho naamka alfajiri, lakini silali mpaka niandike hili. Linanizunguka kichwani tangu Jumatatu.

Mnaikumbuka siku tuliyokabidhiwa funguo za nyumba hii. Niliwaeleza jinsi mzee aliyekuwa nayo kabla yetu alivyotutembeza chumba kwa chumba, taratibu, akitutajia kila mti alioupanda uani. Jambo moja sikuliandika siku ile kwa sababu niliona halina uzito. Tulipofika bafuni, mume wangu alivuta maji ya choo ili ajaribu. Beseni la kunawia likatoa mlio, goro goro goro, kama mtu anayesukutua koo. Nikamuuliza, "Mzee, mbona maji yamevutwa chooni na beseni ndilo linalolia?" Akaweka kiganja ukutani, akanitazama usoni, akasema, "Hewa tu hiyo, mwanangu. Haina neno." Nikamjibu, "Asante, mzee." Tukaendelea jikoni.

Sasa ile harufu niliyoilalamikia hapa mara nyingi, ambayo sote tuliamini ni panya aliyefia darini. Fundi bomba alimulika tochi ndani ya tundu la beseni, akasema kona ni kavu. Chini ya kila beseni bomba hupinda, mafundi wanapaita trapu, na katika ule mpindo hutakiwa kubaki maji ya kina cha sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya maji taka isipande ndani. Yetu yalikuwa yananyonywa kila choo kinapovutwa. Maji ya choo yakiteremka kwa kishindo hudai hewa nyuma yake, na hewa hiyo hutakiwa kutoka kwenye bomba linalopanda hadi juu ya paa. Bomba hilo likiziba, hewa hutafutwa kwingine, na kwetu ilivutwa kupitia beseni, ikaondoka na maji ya kona.

Fundi akapanda darini. Bomba la hewa lilikuwa limekatwa chini ya paa, likavikwa mfuko wa plastiki, likafungwa waya. Juu yake bati zima limepigiliwa. Aliyeezeka upya hakutaka kulitoboa.

Akashuka, akajipangusa vumbi, akaniambia, "Ni hewa tu, dada."

Sikuweza kumjibu. Maana yake mzee hakunidanganya! Niliuliza, akajibu, na jibu lilikuwa sahihi kuliko nilivyoweza kujua. Angeniambia uongo mtupu ningemkasirikia siku mbili, nikamaliza. Lakini kumpa mtu ukweli uliokatwa, ukamwita mwanao, ukamtazama hadi akashukuru, hilo sijui niliweke wapi. Nakumbuka alinyamaza kidogo kabla ya kusema. Mume wangu anasema hakunyamaza, alikuwa anavuta pumzi, ni mtu mzima na tulikuwa tumepanda ngazi. Nami narudi pale pale: kiganja, macho, "haina neno".

Na kiganja chenyewe kina habari yake. Fundi alitufungisha mabomba yote ya nyumba, tukaenda kwenye mita. Kile kinyota chekundu kilikuwa kinazunguka, polepole, bila kusimama. Nyumba nzima hakuna anayetumia maji, na maji yanakwenda. Tukabandua vigae viwili vya bafuni, vile ambavyo weupe wake hauoani na vingine. Nyuma yake bomba la zamani la chuma limeungwa moja kwa moja na kipande cha shaba. Fundi akanieleza kwamba metali hizo mbili zikigusana penye maji, chuma ndicho kinacholiwa, na kwamba palitakiwa kiungo chenye plastiki katikati cha kuzitenganisha. Hapakuwa na kiungo. Palikuwa na tyubu ya baiskeli iliyoviringishwa, waya, lipu juu yake. Tone moja kila sekunde hukaribia lita 20 kwa siku, na hapo palikuwa panatona kwa kasi zaidi ya hiyo.

Nimejitahidi kukumbuka kama hapo ndipo alipoweka mkono. Mume wangu anasema hapana, ulikuwa upande wa mlango.

Fundi alipoikata ile tyubu ndipo hasira yangu ilipoanza kunitoka. Ilikuwa tabaka juu ya tabaka. Za ndani zimepasuka na kukauka, za kati zimelainika, ya juu bado nyeusi na laini. Ukuta ule ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Kuna mtu alisimama hapo usiku, pengine na taa mkononi, akiviringisha mpira kwa vidole vilivyolowa, akiomba uhimili hadi mwisho wa mwezi. Sikuacha kuumia. Ila nilimwona.

Alhamisi bati likatobolewa, bomba likapandishwa juu ya paa na kuvishwa mpira wa kuzuia mvua. Chuma chote cha ukuta ule kimeondolewa. Fundi akatuita. Mume wangu akavuta maji, tukaliinamia beseni sote. Kimya kabisa! Watoto wakapanga foleni kuvuta mmoja mmoja, nami niliyezoea kuwakemea kwa kupoteza maji nikawaacha, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Harufu imekwisha. Ijumaa mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na kazini hatimaye nimepewa ule mkataba wa kudumu. Hayo yote nitayaandika nikipata nafasi.

Mume wangu anasema nimpigie mzee, namba ninayo. Sitaki aombe radhi, wala sitaki fedha. Nataka nimuulize tu ni nani aliyemwambia ni hewa, au ule mfuko aliufunga yeye mwenyewe. Bado sijapiga.

Leo jioni nilimkuta kitinda mimba wetu anasoma akiwa amekigandisha kitabu puani. Nilidhani ni mchezo, nikamwambia akisogeze mbali. Akakisogeza, akanyamaza, hakusoma tena hata mstari mmoja. Kaka yake anasema darasani huomba kukaa mbele kila siku. Jumatatu nampeleka akapimwe macho, na tangu jioni nimekuwa nikijiuliza ameanza lini kutoona ubaoni.