Kutoka Goma mpaka Kaziba: nilitafuta fasi Waprotestanti wa Bukavu walianzia

Watu wa Goma tukipanda boti kwenda Bukavu mara nyingi ni biashara, ndoa ao matanga, lakini safari hii ya 2023 mimi nilienda juu ya kanisa. Ni mtoto wa CBCA, Wabaptisti, nimekulia kwenye korali, na tangu utoto nilikuwa nasikia wazee wetu wakisema ndugu zetu wa Bukavu walishuka na imani kutoka milimani. Hakuna aliyenieleza ni mlima gani, na kwa nini kanisa lianzie huko juu wakati mji upo kando ya ziwa, na barabara na bandari na kila kitu kiko hapo.

Boti ya haraka iliondoka asubuhi, Idjwi ikawa upande wa kushoto na milima ya Kalehe kulia. Tulipofika usawa wa Nyamukubi mama mmoja aliyekaa karibu yangu akanionyesha kwa kidole fasi maji yalibeba nyumba mwezi wa tano, watu zaidi ya 400 walikufa pale na Bushushu, akasema kanisa lao Bukavu walikusanya nguo na sufuria wakapeleka, na hawakuuliza mtu anasali wapi. Nikamuliza wewe mama ni wa wapi, akasema CEPAC, munane. Kwetu ndivyo inaenda, kila kominiote, yaani dhehebu, ya Kiprotestanti iko na namba yake ndani ya Kanisa la Kristo Kongo, sisi CBCA ni 3, CELPA, Wapentekoste wa misheni ya Wanorwe, ni 5, CEPAC, Wapentekoste wa misheni ya Waswidi, ni 8, na namba hizo zimetokana na ule umoja wa 1970 pamoja na sheria ya Desemba 1971 ya Mobutu iliyotambua makanisa matatu tu makubwa, Katoliki, Waprotestanti wote pamoja, na kanisa la Simon Kimbangu.

Ukiingia Bukavu kwa maji unaelewa haraka kwamba huu ni mji wa Wakatoliki. Rasi zinaingia ziwani, kanisa kuu, shule ya Alfajiri ya Wajezwiti, nyumba za masista, viwanja vizuri vyenye miti mikubwa. Sisemi kwa wivu, Monsinyori Munzihirwa, askofu mkuu wa Bukavu, aliuawa barabarani Oktoba 1996 akiwatetea watu wa mji huu wote, na mpaka leo hata Waprotestanti wanamtaja kwa heshima. Lakini historia iseme ukweli. Mwaka 1906 serikali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilifanya mkataba na Vatikani, misheni za Katoliki zikapewa ardhi, nazo zifundishe shule. Wabelgiji wakaendelea na njia hiyo hiyo, ruzuku ya masomo ilikuwa ya misheni zao, Waprotestanti ambao wengi wao walikuwa wageni kutoka Uingereza, Marekani, Uswidi na Norwe walianza kupata kitu miaka ya 1940 mwishoni, baada ya vita. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtoto wa Mprotestanti hapa Bukavu, wakati inaitwa Costermansville, alikuwa na njia mbili, abadilishe dini ao apande mlima atafute masomo ya kwao.

Hayo nilielezwa vizuri na mzee mmoja wa Kadutu hapa mjini, pasta mstaafu. Nilisali kwao Jumapili, kanisa limejaa mpaka vijana wamekaa kwenye ngazi za nje, korali tatu ziliimba moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya wenyeji, kisha matangazo marefu sana ya wagonjwa, wajane, mchango wa bati. Baada ya ibada nikamfuata. "Bwana asifiwe, papa." "Amina mwanangu, wewe ni wa wapi?" Nikasema Goma. Akanipeleka kwake, mama akaleta chai na viazi, na mzee akaanza kusema bila kusimama. Kwamba Waprotestanti wa kwanza mjini walikuwa wafanyakazi, maboyi, mafundi, wachuuzi, watu waliokwisha kubatizwa huko kwao milimani kisha wakashuka kutafuta kazi, wakawa wanakusanyika kwa nyumba ya mtu mmoja jioni. Hakukuwa mzungu wa kuwachunga. "Tulijichunga wenyewe," akasema, na alilisema hilo kwa furaha ambayo nilitamani vijana wetu wa Goma waione.

Siku iliyofuata nikachukua moto, yaani pikipiki, mpaka lopitali ya Panzi. Watu wa nje wanaijua lopitali hiyo kwa sababu ya Daktari Mukwege na Nobeli ya 2018, lakini wengi hawajui kwamba ni lopitali ya CEPAC, na kwamba baba yake Mukwege alikuwa mmoja wa wachungaji wa kwanza Wakongo wa Kipentekoste mjini humu. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani mara nyingi, alizaliwa 1955, kitovu kikaingia uchafu, akawa karibu kufa, na familia ilikataliwa matibabu kwa sababu ni Waprotestanti, mpaka mwalimu mmoja wa misheni kutoka Uswidi, Majken Bergman, akaenda kumuombea apokelewe. Baadaye alipokuwa anamfuata baba yake kuombea wagonjwa aliona kwamba maombi yapo lakini dawa hakuna, akaamua kuwa daktari. Akafanya kazi Lemera, lopitali ya misheni ya Waswidi, na tarehe 6 Oktoba 1996 wenye silaha waliingia pale wakaua wagonjwa na wauguzi. Panzi ikafunguliwa 1999, ikiwa ni ya kusaidia akina mama kujifungua, kisha wakaanza kuletwa wale wanawake waliobakwa vitani. Nilikaa nje kwenye benchi na watu waliokuja kuona wagonjwa wao, Wakatoliki, Waislamu, watu wa makanisa ya uamsho, mtoto aliyekataliwa mlangoni ndiye mlango wake umefunguka kwa kila mtu, na mimi sioni namna nyingine ya kuiona habari hiyo isipokuwa kumshukuru Mungu.

Sasa mlima. Wamisionari Waswidi walifika upande wa Uvira na Lemera kuanzia 1921, Wanorwe wakiongozwa na Gunnerius Tollefsen wakaingia Kaziba miaka hiyo hiyo ya 1920 mwanzoni, nikachagua Kaziba sababu ndiko karibu. Njia inatoka Bukavu inapita Nyangezi, fasi ya misheni kubwa ya Katoliki, halafu inapanda, udongo mwekundu, migomba, baridi inaanza kuingia kwenye koti na ng'ombe wanakatiza barabara. Kaziba ni usultani mdogo wenye mwami wake, watu wake ni wahunzi na wafanyabiashara tangu zamani, ukienda soko lolote la Kivu utakuta Muzibaziba, mtu wa Kaziba. Na hapo nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: imani ilisafiri na biashara. Mtu aliyejifunza kusoma kwa Wanorwe alikuwa anatembea na bidhaa zake mpaka Bukavu, Uvira, Bujumbura, na kitabu cha nyimbo kiko ndani ya mzigo, na kila alipolala alisali, na kila aliposali watu wawili watatu waliongezeka.

Huko juu Waprotestanti ndio wengi, ukitoka Bukavu unashangaa. Lopitali ya CELPA ipo, masomo yapo, kanisa la matofali lipo, na wazee walinionyesha makaburi na nyumba za zamani za misheni. Lakini kuna mambo yanayouma. Vijana wanashuka mjini na hawarudi. Na migawanyiko, mzee mmoja alisema wazi kwamba kugombania kiti na mali kumepasua paruasi nyingi, pasta anaondoka na nusu ya washiriki na wiki ijayo kuna kibao kipya barabarani. Mjini ni zaidi, kartie moja unaweza kusikia spika tano usiku mmoja. Mimi naona hiyo ndiyo hatari kubwa kwa makanisa haya ya zamani kuliko uchache wao, maana walipokuwa wachache na bila ruzuku walijenga masomo na lopitali, leo nguvu nyingi inaisha kwenye kesi.

Wapo pia wadogo zaidi ambao hatuwataji sana, Waanglikana kwa mfano, dayosisi yao ya Bukavu ni ya 1976, mizizi yao inatoka mbali kule Mboga, Ituri, ambako mwinjilisti Apolo Kivebulaya alifika kutoka Uganda mwaka 1896. Niliwatembelea jioni moja kabla ya kurudi, kikundi kidogo cha akina mama wanajifunza kushona, wakanikaribisha wakaniimbia.

Lemera sikufika, gari za upande wa bonde la Ruzizi zilikuwa za shida wakati ule na wenyeji walinikataza. Wazee wa Kaziba wamenipa jina la paruasi ya kuulizia huko na la mama mzee aliyefundishwa kusoma na Waswidi wenyewe, kwa hiyo njia ikitulia nitapitia Kamanyola, na nitabeba kirekodi cha maana siyo simu tu, sababu pasta wa Kadutu alisema saa nzima na betri yangu ikaisha akiwa bado kwenye mwaka 1958.