Kuzamia peke yangu kwenye boti iliyolala Kivu

Mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, akisikia kwamba nazamia Ziwa Kivu, swali lake la kwanza ni gesi. Namwelewa. Kivu limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, na wote tumekua tukiambiwa kwamba siku moja litalipuka. Lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo iko chini ya mita 260, imebanwa na uzito wa maji, na mimi nafanya kazi kwenye mita 24. Yanayoninyima usingizi ni mengine mawili: mwinuko wa ziwa lenyewe, na hewa ninayojaza kwenye mtungi.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kuzamia nilijifunza Mombasa, nilipokuwa nafanya kazi kwenye karakana moja huko, na meli ya kwanza niliyoiona imelala chini ya maji ni MV Dania, ile iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Meli ya namna hiyo huandaliwa kabla ya kuzamishwa. Mafuta hutolewa, nyaya na milango hung'olewa, matundu hupanuliwa ili mzamiaji apate pa kutokea. Boti za Kivu haziandaliwi na mtu. Zinakwenda chini na kamba zake, turubai, magunia na nyavu, na kila kimoja kinaweza kumshika mtu mguu.

Boti ninayoisimulia ilikuwa ya mbao, ya mizigo. Watu wote walitoka salama, mali ikapotea. Mwenyewe alitaka mashine yake. Mzamiaji mwingine sikumpata, ndiyo maana nikaenda peke yangu. Ningempata wa kwenda naye, ningekwenda naye. Wanaofundisha uzamiaji wa peke yako nao hawapokei kila mtu: kozi ya SDI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, inadai uwe na miaka 21 na uwe umeshazamia mara 100.

Nianze na hewa, maana hapa Goma ndipo penye hatari ambayo vitabu vya pwani havina. Mazuku tunayajua. Kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za lava, ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mabonde, hasa upande wa Bulengo na Sake, na asubuhi unakuta mbuzi amekufa bila kidonda. Sasa fikiria kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, imewekwa kwenye bonde kama hilo. Gesi ambayo ufukweni ingekuumiza kichwa tu, kwenye kina inakandamizwa pamoja na hewa, na mwili unaipokea karibu mara nne. Kwa hiyo kompresa yangu ndogo niliipeleka kwenye nyumba ya ghorofa ya rafiki yangu. Mpira wa kuvutia hewa nikaupandisha hadi juu ya paa, mbali na moshi wa jenereta, na sijazi kabla jua halijapanda na upepo kuanza kuvuma. Mtungi ukijaa, nafungua kidogo na kunusa. Ukinuka mafuta au moshi, namwaga wote. Kaboni dioksidi yenyewe haina harufu, ndiyo maana paa ni muhimu kuliko pua. Kutoka hapo mitungi inateremka ziwani kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, imelazwa na kufungwa kwa mipira, na kijana anayeisukuma amekatazwa kuliachia likimbie kwenye mteremko wa lava.

Mwinuko nao una hesabu zake. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na huku juu uzito wa hewa ni kama 0.85 ya ule wa pwani. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yametengenezwa kwa bahari. Unapozamia mita 24 za Kivu, kwa upande wa nitrojeni inayojikusanya mwilini, ambayo huweza kutoa mapovu ukipanda, ni sawa na mita 27 au 28 za Mombasa, kwa sababu ukipanda unatokea kwenye hewa nyepesi zaidi. Komputa yangu ya mkononi naiweka kwenye hali ya mwinuko, na bado nabeba ya pili. Baada ya kuzamia sipandi milima ya Masisi siku hiyo, hata kama kuna msiba. Chemba ya kutibu mzamiaji ninayoijua iko pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Uzito wa risasi wa mkanda wa kuzamia pia niliupunguza, maana maji yasiyo na chumvi hayaubebi mwili kama bahari.

Mwenzako wa chini ya maji kazi yake kubwa ni kuwa na hewa pale yako inapokwisha. Nafasi yake niliijaza kwa mtungi wa pili wa lita 3, wenye regyuleta yake, yaani kifaa cha kupumulia, umefungwa ubavuni. Nikipumua lita 18 kwa dakika juu ya maji pwani, kwenye mita 24 za Kivu zinakuwa karibu 58. Mtungi mkubwa wa lita 12 ukiwa na shinikizo la baa 200, theluthi moja inanipa dakika 14 hivi za kwenda na kufanya kazi, theluthi nyingine ya kurudi, na ya tatu haiguswi. Ule mdogo niliupigia hesabu ya mtu aliyeogopa na anapumua maradufu, apande taratibu, asimame dakika 3 kwenye mita 5. Ulitosha, ukabaki kidogo.

Juu nilimweka mvuvi mmoja mzee ambaye usiku huvua sambaza kwa taa. Aliniuliza, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, kule chini uko naenda na nani?" Nikamwambia niko naenda peke. Akatazama maji, kisha akasema, "Basi unipe kamba." Tukakubaliana: boya la kamba yangu likizama mara mbili, avute, dakika 25 zikipita sijaonekana, aite boti ya pili. Saa alivaa yangu.

Chini mwanga ni wa kijani na unaona mita chache tu. Boti ilikuwa imelala kwa ubavu kwenye mteremko wa lava, pua ikielekea kilindini. Samaki wadogo wenye milia walikuwa wameshajaa kwenye mbavu za mbao, na kaa mmoja alikaa juu ya usukani. Ndani ya chumba cha mizigo sikuingia. Wavu wa plastiki ulikuwa umezunguka mkia wa boti, na uzi mmoja ukanasa kwenye vali ya mtungi nyuma ya kichwa, mahali nisipoona. Nilitulia. Nikarudi nyuma nusu hatua ili uzi ulegee, nikafuata mpira wa regyuleta kwa vidole mpaka kwenye vali, nikakata kwa mkasi. Kisu kwenye nyuzi hizi hakifai kitu, kinavuta tu. Kisha nikapanda, ingawa hewa ilikuwepo.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa awamu: siku moja kukata nyavu, nyingine kulegeza bolti, nyingine kufunga kamba nene. Mashine ilivutwa na vijana kutoka ufukweni, mimi nikiwa nimeshatoka majini, maana kamba ikikatika huwezi kujua mzigo utabingirikia wapi.

Mwenye boti alifurahi, akaniambia ana ndugu yake ambaye boti yake iko mita 50. Nikamchorea hesabu kwenye boksi la sabuni: mita 50 hapa ni kama 57 baharini, na kilevi cha nitrojeni, kile kinachomlevya mzamiaji kama pombe, kinaanza kukupanda tangu kwenye 30. Akasema ndugu yake atalipa mara mbili. Nikamwambia atafute watu wawili wenye gesi ya heliamu, isiyolevya, mimi nitawajazia mitungi ya akiba na kushika kamba.

Bado anatafuta.