Jinsi tulivyobaini kwa nini waya wa nyutro ulikuwa unaungua

Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi kilichopo nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na kwa miaka mingi somo lililonipa taabu kuliko yote lilikuwa uchakataji wa mawimbi. Wanafunzi waliweza kukokotoa mfululizo wa Fourier, hesabu ya kulivunja wimbi lolote kuwa mawimbi laini ya masafa mbalimbali, ubaoni na kupata alama nzuri kwenye mtihani, lakini nikiwauliza hesabu ile inahusu kitu gani wanachoweza kukigusa, walinyamaza. Ninachosimulia hapa ni jinsi hitilafu moja katika jengo letu ilivyogeuka kuwa utafiti wa muhula mzima, na jinsi utafiti huo ulivyobadili namna ninavyolifundisha somo lenyewe.

Ilianza kwa harufu. Asubuhi moja fundi wa chuo alinifuata darasani akaniambia kuwa maabara ya kompyuta inanuka plastiki iliyoungua. Tulizima swichi kuu, tukafungua bodi ya kugawia umeme, na hapo tukauona waya mweusi wa nyutro, ule unaorudisha mkondo, umebadilika sura kwa urefu wa kidole kizima kutoka kwenye terminali: ngozi yake ilikuwa imekakamaa na kung'aa, na fundi alipoikunja kidogo ikapasuka kama ganda la yai. Nyaya tatu za fezi, zile zinazoleta umeme, zilizopita pembeni yake zilikuwa nzima kabisa, na hakuna breka hata moja iliyokuwa imekata.

Maabara ile ina kompyuta 36 za mezani, 12 kwa kila fezi, na kila fezi inalindwa na breka ya ampea 20. Nyutro, kama ilivyo kawaida, haina breka yake. Fezi zilivutwa kwa waya wa milimita 4 za mraba, lakini aliyefunga umeme wa jengo miaka ya nyuma aliweka nyutro ya 2.5, na naamini najua alichofikiri, kwa kuwa ndicho tulichofundishwa sote: mizigo ikilingana kwenye fezi tatu, mikondo yake hukutana kwenye nyutro na kufutana, hivyo nyutro haibebi kitu.

Fundi alikata kipande kilichoungua, akaunga upya, tukawasha kompyuta zote. Kisha akaleta klampu mita yake, ile inayobana juu ya waya na kusoma mkondo. Fezi ya kwanza ilisoma ampea 8.4, ya pili 8.1, ya tatu 8.3. Alipoifunga kwenye nyutro ikasoma 19.6. Akaitoa, akabadilisha betri, akapima tena, ikasoma vilevile.

"Mwalimu, hii mita imekufa," aliniambia. "Nyutro haiwezi kuzidi fezi."

Nami sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo mbele ya wanafunzi waliokuwa wamesimama mlangoni. Sita kati yao, wote wa mwaka wa pili, waliomba wapewe kazi hiyo kama mradi wao, nikakubali kwa sharti moja: bodi itafunguliwa na fundi peke yake, umeme ukiwa umezimwa, na wao watapima kwa kihisi cha kubana juu ya waya bila kugusa shaba.

Vifaa vyetu vilikuwa vya bei ndogo. Kihisi kilikuwa transfoma ya mkondo ya kubana, inayotoa miliampea 50 pale waya unapobeba ampea 100, nasi tukaipitisha kwenye rezista ya omu 33 ili tupate volti za kusoma. Maikrokontrola, chipu ndogo inayoendeshwa na programu, ilisoma volti hizo na kutuma namba kwenye kompyuta mpakato kwa waya, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hupita herufi 960 hivi kwa sekunde, na kila kipimo kilihitaji tarakimu tatu pamoja na alama ya kumaliza mstari, kwa hiyo vijana waliona sampuli 200 kwa sekunde zinatosha na kubaki na nafasi. Umeme wa gridi ni wa hezi 50, mawimbi 50 kwa sekunde, wakasema, yaani kila wimbi tunalipima mara nne. Niliupitisha uamuzi huo bila kuupima, na kosa hilo lilikuwa langu.

Kifaa chetu kilisoma ampea 12 kwenye kila fezi na 19.8 kwenye nyutro. Kuhusu nyutro tulikubaliana na fundi; kuhusu fezi tulitofautiana naye sana. Tulipochora wigo wa masafa, mchoro unaoonyesha kila masafa yana mkondo kiasi gani, tuliona nguzo moja ndefu mahali pa hezi 50 kwenye fezi, na nguzo moja ndefu mahali pa hezi 50 kwenye nyutro. Vijana wakahitimisha haraka kwamba aliyefunga jengo alikosea, akaziunganisha saketi mbili kwenye fezi moja. Walipiga hesabu: mikondo miwili ya ampea 12 ikienda pamoja na wa tatu ukiwa nyuzi 120 kando yao, kama fezi zinavyopishana, jumla yake ni 12 mara kipeuo cha pili cha 3, yaani 20.8. Kipimo kilikuwa 19.8. Sijawahi kuona darasa lililoridhika namna ile, na nakiri hata mimi nilivutwa na ukaribu wa namba hizo mbili. Tukapima volti kati ya fezi na fezi kwenye bodi. Kama saketi mbili zingekuwa kwenye fezi moja, kati yake tungepata sifuri. Tulipata 398, 401 na 400. Jengo lilikuwa limefungwa sawasawa.

Wiki mbili zilizofuata hatukusogea. Aliyetutoa kwenye kukwama alikuwa mwanafunzi mmoja mkimya, ambaye alikuwa amerekodi sekunde 20 mfululizo badala ya sekunde moja ili nguzo za wigo ziwe nyembamba zaidi. Alikuja ofisini na karatasi mbili.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, kwenye fezi nguzo ndefu iko 49.9, lakini kwenye nyutro iko 50.3. Inawezekanaje, na umeme ni ule ule?"

Nilizitazama zile karatasi kwa muda mrefu. Gridi huyumbayumba kidogo juu na chini ya hezi 50, hilo si ajabu, lakini haiwezi kuwa na masafa mawili kwa wakati mmoja katika bodi moja. Kisha nikamwomba atoe 50.3 kwenye 200, ile idadi ya sampuli zetu kwa sekunde. Ikabaki 149.7. Nikamwomba agawe kwa 3. Ikaja 49.9.

Tulitoka ofisini tukaenda moja kwa moja ubaoni. Ukichukua sampuli 200 kwa sekunde, unaweza kuona kwa uaminifu masafa yaliyo chini ya 100 tu. Hiyo ndiyo kanuni inayohusishwa na Nyquist, aliyeandika mwaka 1928, na Shannon, aliyeithibitisha katika makala yake ya mwaka 1949. Chochote kilicho juu ya 100 hakipotei, bali hujikunja na kujitokeza chini, mahali pasipo pake. Hezi 150 ziko pungufu ya 200 kwa 50, kwa hiyo zinajitokeza kwenye 50. Hezi 250 zimezidi 200 kwa 50, nazo zinajitokeza kwenye 50. Hezi 350 ziko pungufu ya 400 kwa 50, nazo vilevile. Kasi tuliyochagua ilikuwa inazificha hamoniki zote za namba witiri, yaani mawimbi ya masafa yaliyo mara 3, 5, 7 na kuendelea ya hezi 50, nyuma ya wimbi la msingi, moja juu ya nyingine, na kama gridi siku ile ingekuwa kwenye 50 kamili, tusingezigundua kamwe kwa kifaa kile. Zile sehemu ya kumi chache za hezi ndizo zilizozitenganisha.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa kasi. Vijana waliandika upya programu ili chipu ihifadhi kwanza sampuli 500 kwenye kumbukumbu yake na kuzituma baadaye, hivyo tukafikia sampuli 5,000 kwa sekunde. Kabla ya mlango wa kusomea tuliweka kichujio cha rezista ya omu 1,500 na kapasita ya nanofaradi 100, kinachoanza kukata karibu na hezi 1,060, ili masafa ya juu zaidi yasirudi kujikunja. Safari hii wimbi la fezi lilipotokea kwenye skrini, hapakuwa na mviringo laini tuliouchora ubaoni miaka yote. Palikuwa na mstari bapa, kisha mchongoko mwembamba, bapa tena, kisha mchongoko upande wa chini. Kompyuta hizo za zamani zina diodi, zinazopitisha mkondo upande mmoja tu, zinazojaza kapasita, yaani kihifadhi chaji, na kapasita hupokea chaji pale tu volti inapokaribia kilele, kwa hiyo hunywa mkondo wote kwa mafunda mafupi.

Wigo ulitupa ampea 8.8 kwenye hezi 50, 6.6 kwenye 150, 4.2 kwenye 250 na 2 kwenye 350. Ukizizidisha kila moja kwa yenyewe, ukajumlisha na kutafuta kipeuo cha pili, unapata karibu 12. Kwenye nyutro, karibu mkondo wote ulikuwa wa hezi 150. Sababu yake nilikuwa nimeifundisha kwa maneno bila kuitia uzito: fezi zimetengana kwa nyuzi 120, na hamoniki ya tatu huzidisha pembe hiyo mara tatu, ikawa 360, yaani mduara kamili. Mawimbi ya msingi yanafutana, lakini yale ya hezi 150 yanafika kwenye nyutro yakiwa yamesimama pamoja na kujumlishana. Mara tatu ya 6.6 ni 19.8.

Nilifurahi zaidi kumrudia fundi na kumwambia kwamba mita yake haijafa. Mita za aina ile hupima wastani wa mkondo na kuuzidisha kwa kigezo kinachofaa wimbi laini peke yake. Kwenye nyutro wimbi lilikuwa la hezi 150 lakini lenye umbo laini, ndiyo maana ilisoma karibu sawa. Kwenye fezi, penye michongoko, ilipunguza kipimo kwa karibu theluthi. Tena namba zenyewe zilikuwa zimetuonya: kwa mizigo ya diodi na kapasita iliyolingana, nyutro haiwezi kuzidi fezi kwa zaidi ya mara 1.73, na vipimo vyake vilionyesha mara 2.4. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la kifundi hasa: "Sasa tuweke waya gani?"

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinaelekeza kwamba hamoniki ya tatu inapozidi asilimia 33 ya mkondo wa fezi, ukubwa wa nyaya uchaguliwe kwa kuutazama mkondo wa nyutro. Sisi tulikuwa kwenye asilimia 55. Tuliiondoa nyutro ya 2.5, na kwa kuwa bomba lilikuwa na nafasi na waya hupita kwenye dari lenye joto, tukaweka ya 6. Kabla ya matengenezo, kipimajoto cha mionzi kilisoma nyuzi 74 kwenye terminali ya nyutro, wakati ngozi ya kawaida ya PVC imeandaliwa kuvumilia 70. Baada ya matengenezo, mzigo ukiwa uleule, ilisoma 41.

Darasani nimegeuza mpangilio. Zamani nilianza na fomula za Fourier na kumalizia, muda ukiruhusu, na mfano. Sasa siku ya kwanza naweka mezani kile kipande cha waya kilichoungua na zile karatasi mbili, 49.9 na 50.3, na kuwaacha wanafunzi wahangaike nazo wiki nzima. Fourier mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1822, alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu, na wanafunzi huelewa kwa haraka zaidi wanapojua kwamba hesabu hii ilizaliwa kwenye swali kuhusu joto. Njia ya haraka ya kukokotoa wigo, ambayo Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965, wanaiandika wenyewe mstari kwa mstari kabla sijawaruhusu kutumia ile iliyo tayari kwenye programu, na zoezi la kwanza ni kulirudia kwa makusudi lile kosa la sampuli 200.

Muhula huu kundi jipya limeomba kupima kebo kuu inayotoka kwenye transfoma. Swali lao ni zuri, kwa sababu hamoniki za tatu zikifika kwenye transfoma yenye upande wa kupokea umeme uliofungwa kwa delta, koili tatu zilizoungwa kwa umbo la pembetatu, huzunguka ndani ya koili zake na kuzipasha joto, na chuo kinaendelea kununua kompyuta mpakato na taa za LED. Vifaa hivyo vinakula umeme kidogo, lakini ugavi wa umeme usiofika wati 75 wa kompyuta mpakato haubanwi na mipaka ya hamoniki ya kiwango cha IEC 61000-3-2, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kuwa na mchongoko wake. Fundi ameshawaandalia mahali pa kubana kihisi, na ameniomba nimtengenezee kifaa kama kile chetu kwa ajili ya sanduku lake la zana.